Raba nilizobuni mtandaoni: nilivyopata saizi yangu

Jozi ya kwanza nilipanga kila kitu mwenyewe: soli nyeupe, kamba za kijani, herufi za jina la mama kisiginoni. Zilipofika zikanibana vidole hadi kucha ikawa nyeusi, na kwa kuwa ilikuwa oda maalumu, sikuweza kuzirudisha. Iliniuma sana.

Kosa lilikuwa namba. Niliandika 42 kwa mazoea, kumbe namba ya Ulaya hupima kalibu ya kiatu, yaani umbo la mguu ambalo kiatu hutengenezewa juu yake, si mguu wenyewe.

Safari ya pili nilisubiri jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo. Nikasimama juu ya karatasi, kisigino ukutani, nikachora. Kulia milimita 268, kushoto 273. Nikafuata mguu mkubwa, nikachagua saizi ya sentimita, inayofuata urefu wa mguu wenyewe: 27.5. Sasa vidole vinacheza.