Mashine ya mshipi kwa mota ya waipa: anza na klachi

Mshipi ukishashushwa mita 60, kinachomchosha mvuvi ni kuvuta, tena hata pale ndoana zinapopanda tupu. Iceland na Sweden wanatengeneza mashine za umeme za kazi hii, lakini mwenye ngalawa hawezi kuimudu bei yake. Kwa upande mwingine, miaka ya 1970 FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) ilitengeneza huko Samoa gurudumu la mbao la kuzungusha kwa mkono, na likavua kina kirefu vizuri. Ukilifungia gurudumu la namna hiyo mota ya waipa ya volti 12, inayopatikana kwenye spea za mtumba, umepata mashine ambayo fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza na kuirekebisha.

Chukua mota ya gari dogo, si ya lori, kwani nyingi za malori ni volti 24. Kwa kawaida huzunguka kama mara 45 kwa dakika kwenye spidi ndogo na 65 kwenye kubwa. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 20 linakunja sentimita 63 kwa mzunguko, hivyo mita 60 hupanda kwa dakika mbili hivi. Tengeneza kiini kwa plaiwudi ya baharini na pande mbili za kipenyo cha sentimita 28, uzikaze kwa bolti sita za chuma kisichoshika kutu. Gundi peke yake haitoshi: mshipi wa nailoni hukunjwa ukiwa umevutika, kisha hujibana na kuzisukuma pande zifumuke.

Sasa klachi (kiungo kinachoteleza mzigo ukizidi), ambapo mashine nyingi za kienyeji huharibikia. Gia ya mota hii ni ya parafujo: mota inalizungusha gurudumu, ila gurudumu haliwezi kuirudisha mota nyuma. Samaki mkubwa akikimbia, hakuna kinacholegea. Mshipi unakatika, ndoana inanyooka, au meno ya gia, ambayo mara nyingi ni ya plastiki, yanakwanguka. Kwa hiyo usiliunge gurudumu na shafti moja kwa moja. Liache lizunguke huru juu ya bushi za nailoni, kisha libanwe na sahani ya chuma iliyofungwa kwenye shafti, katikati ukiweka kipande cha nailoni ngumu (kibao cha plastiki cha kukatia nyama kinafaa), na nyuma yake springi ya valvu na nati ya masikio. Springi usiiache: bila hiyo, robo mzunguko tu wa nati inatosha kuitoa klachi kwenye kulegea hadi kukaza kabisa. Bitana za breki za pikipiki si nzuri hapa, hunywa maji ya chumvi na kugandia sahani ikilala usiku mmoja.

Kupima ni rahisi. Funga mshipi kwenye mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki, washa mota, kaza nati mpaka klachi ianze kuteleza kwenye theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa milimita 1 hubeba kama kilo 45, kwa hiyo weka 15. Ukirudi pwani, legeza nati.

Kwenye ngalawa, funga mashine juu ya ubao uliolazwa kutoka ubavu hadi ubavu na mshipi utokee tezini (nyuma ya chombo), mbali na ndubi za pembeni.

Umeme: kukunja hula kama ampea 5, yaani pandisho 60 za dakika mbili ni ampea-saa 10. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, basi chukua ya 40 au zaidi ili ubaki na akiba. Fyuzi ya ampea 15 ikae shibiri moja kutoka betri. Maungio ya waya yachomelewe kwa risasi na kufunikwa, maana waya uliosokotwa tu huoza kwa chumvi. Tundu la hewa la mota litazame chini.

Kompyuta ndogo ya kuchezesha chambo iwe ya mwisho kabisa. Sumaku nne kwenye gurudumu na vihisi viwili (kimoja hakijui kama mshipi unapanda au unashuka) zinatosha kupima kina na kuizima mota kabla chubwi (uzito wa kuzamisha mshipi) halijagonga kapi. Kumtambua samaki kwa kupanda kwa ampea kunawezekana, lakini wakati wa kusi wimbi nalo hupandisha ampea kila chombo kinapoinuka. Programu ipime wastani wa sekunde sita hivi, si mshtuko mmoja. Na siku za bamvua mkondo huulaza mshipi: kihesabu kinasoma mita 60 na chubwi bado linaelea. Siku hizo shusha mpaka chubwi liguse, ndipo ubonyeze sifuri, na chambo kichezeshwe kwa kuhesabu kutoka chini kwenda juu.