Odio intafesi ya studio ya chumbani, nilivyochagua mimi

Naulizwa sana nichukue odio intafesi gani, yani kile kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta, kwahiyo leo naandika kabisa. Zamani nilikuwa nachomeka maiki moja kwa moja kwenye laptop, sauti inakuja na mvumo halafu nikiimba najisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa, yani kukaa kwenye biti huwezi, inauma sana.

Anza na maiki yako. Kama ni kondensa (aina ya maiki inayohitaji umeme) lazima intafesi iwe na fantom pawa ya volti 48, yani umeme unaopitia waya wa maiki, bila hiyo kimya. Kama ni dainamiki (isiyohitaji umeme huo) kama Shure SM7B hapo tazama geni, yani intafesi inakuza sauti kiasi gani, ile maiki inataka kama desibeli 60 na vifaa vingi vya bei chee vikifika huko vinaanza shhhh.

Matundu pia. Focusrite Scarlett Solo ina tundu moja la maiki, 2i2 ina mawili, na sisi nyumbani tunaimba wawili mimi na mdogo wangu kila mtu na maiki yake, kwahiyo nikajibana miezi kadhaa nikachukua 2i2 na sijutii hata kidogo.

Kuhusu namba kubwa kubwa za ubora wa kurekodi kama 192 kHz (sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde) msihangaike, biti 24 (bit za kompyuta, sio biti ya muziki) na 48 kHz inatosha kabisa, kule juu mnajaza diski tu. Ila kwenye Windows wekeni drayva ya ASIO ya kifaa chenyewe, yani programu inayopunguza kule kuchelewa kwa sauti, halafu bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta inakishika kwanza kabla ya kukitoa) ishusheni hadi sampuli 128 wakati wa kurekodi ili msijisikie kwa kuchelewa, mkija kumiksi pandisheni mpaka 1024 kompyuta ipumue.