Valletta, mji uliozaliwa na hofu

Msemaji wa Kiswahili akifika Valletta, mji mkuu wa Malta, nchi ya visiwa katika Bahari ya Mediterania, masikio yake yatashtuka kabla ya macho. Watu wa huko wakihesabu husema sitta, sebgħa, disgħa. Dunia wanaiita dinja, bahari ni baħar, na kitabu ni ktieb. Waarabu walivitwaa visiwa hivyo mwaka 870, na ingawa utawala wao ulikwisha zamani na wakazi wengi ni Wakatoliki, Kimalta kimebaki kuwa mtoto wa Kiarabu anayeandikwa kwa herufi za Kilatini.

Mji wenyewe hauna umri mkubwa kama lugha hiyo. Shirika la Mtakatifu Yohane, watawa waliokuwa pia askari na wahudumu wa wagonjwa, lilifukuzwa kisiwani Rhodes na Suleiman, Sultani wa Waosmani wa Uturuki, na mwaka 1530 likapewa Malta kwa kodi ya kipanga mmoja kila mwaka. Mwaka 1565 jeshi la Suleiman liliwafuata huko. Ngome ya Mtakatifu Elmo, iliyosimama kwenye ncha ya rasi tupu yenye mawe, ilipiganiwa kwa takriban mwezi mmoja hadi ikaanguka, lakini mwezi wa Septemba washambuliaji waliondoka bila kukiteka kisiwa. Mkuu wa shirika, Jean de Valette, hakuamini kwamba hawatarudi. Tarehe 28 Machi 1566 aliweka jiwe la msingi la mji mpya juu ya rasi ileile, kwa ramani ya Francesco Laparelli, mhandisi aliyetumwa na Papa.

Ndiyo maana mitaa yake imenyooka kama iliyopigwa rula, ikipanda na kushuka kwa ngazi zinazochosha magoti, na kila upande unaishia kwenye ukuta au bahari. Nyumba ni za mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, zenye roshani za mbao zilizofunikwa na kupakwa rangi ya kijani, nyekundu au buluu. Eneo lote halifiki kilomita moja ya mraba, na tangu mwaka 1980 limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kama muda wako ni mfupi, utumie katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yohane. Kwa nje ni jengo kavu linalofanana na boma, kazi ya Gerolamo Cassar. Kwa ndani dhahabu imetapakaa kila mahali, na sakafu ni makaburi ya marumaru yapatayo mia nne, hata unaona haya kukanyaga. Humo umo mchoro wa Caravaggio wa mwaka 1608 unaoonyesha kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji. Ni mchoro pekee aliowahi kuutia sahihi, na sahihi yenyewe ameiandika ndani ya damu inayotiririka shingoni mwa mtakatifu. Nilikaa mbele yake muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mwaka huohuo Caravaggio alitiwa gerezani, akatoroka, na shirika, ambalo alikuwa mwanachama wake, likamfukuza.

Waosmani hawakurudi kuuzingira mji huo. Napoleon aliutwaa mwaka 1798 karibu bila upinzani, na Wamalta walipoasi, wakisaidiwa na Waingereza, Wafaransa ndio waliojikuta wamezingirwa ndani ya kuta hizo mpaka wakasalimu amri mwaka 1800. Waingereza nao walitawala hadi uhuru wa mwaka 1964. Mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia yaliivunja nyumba ya opera, na magofu yake bado yapo karibu na lango la mji, yakitumika kama ukumbi wa wazi.

Saa sita mchana nenda bustani ya Upper Barrakka, ambako mzinga hupigwa kila siku. Kisha shuka bandarini kwa lifti, vuka kwa mashua hadi Birgu, makao ya kwanza ya shirika huko Malta, na uutazame mji kutoka ng'ambo. De Valette alifariki mwaka 1568, mji wenye jina lake ukiwa bado unajengwa.