Begi jepesi la saksofoni: angalia ndani kwanza

Watu wakitafuta kesi ya kusafiria wanaanza na uzito tu, na ni kweli saksofoni ya alto yenyewe ina kama kilo 2.5 na ya tenor, ile kubwa zaidi, inakaribia 3.5, kwahiyo ukiongeza kesi ya mbao ya kilo 5 mabega yanalia kabla hujafika stesheni. Lakini mimi naanza ndani. Saksofoni inatakiwa ishikwe kwenye bomba na kengele (ule mdomo mpana wa mwisho), isiegemee vitufe, maana fimbo ya vitufe ikipinda kidogo tu pedi inayoziba tundu haifungi na noti za chini zinagoma kabisa. Tikisa kesi ikiwa imefungwa, ukisikia inacheza achana nayo hata kama ni nyepesi kama unyoya.

Kesi ya povu gumu inatosha kwa basi au gari. Kwa ndege nachagua kesi yenye ganda gumu, za kampuni ya BAM ya Ufaransa nazipenda sana, na iwe ile inayofuata umbo la ala ili iingie juu ya viti, japo pima urefu kwanza coz kila shirika lina vipimo vyake. Shingo (lile bomba la juu lililopinda) na kipande cha kupulizia viwe na mfuko wao, visikae ndani ya kengele bila kufunikwa. Na kile kizibo kinachoziba juu ya bomba shingo ikitolewa usikitupe jamani, kinalinda pini ya oktava, ile inayosukuma kitufe cha shingo!