Kabla ya Kumlipa Mchoraji wa Mtandaoni, Omba Rasimu

Tapeli wa oda za michoro hahitaji kujua kuchora. Anahitaji akaunti, picha chache nzuri alizoziiba kwa wachoraji wa kweli, na mtu mwenye hamu ya kumwona mhusika aliyembuni amechorwa. Siku hizi hata kuiba si lazima, kwani akili mnemba inamtengenezea picha za kutosha kwa siku moja. Kinachomshinda ni kuonyesha kazi ikiwa bado haijakamilika, na ukaguzi wako uelekee huko.

Tazama kwanza alivyokufikia. Anaingia inboksi, anamsifu mhusika wako kwa maneno ambayo yangemfaa mhusika yeyote, kisha anaomba ruhusa ya kumchora. Bei inatajwa ukishakubali. Wapo wachoraji wachanga wanaotafuta wateja hivyo hivyo, kwa hiyo ujumbe peke yake haumtii mtu hatiani. Muulize ni kitu gani hasa kilichompendeza. Aliyemtazama mhusika wako atataja kovu, vazi au rangi ya macho. Tapeli atarudia sifa zile zile.

Kisha chukua picha zake tatu au nne uzitafute kwa Google Lens na TinEye, zana zinazoonyesha picha hiyo imetokea wapi kwingine mtandaoni. TinEye hukuwezesha kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi, na mara nyingi huko ndiko jina la mwenye kazi linakopatikana. Wezi hugeuza picha kushoto kulia, hukata kona yenye saini au hubadilisha rangi. Nawe igeuze tena, kata uso peke yake, utafute upya. Kwa michoro ya mtindo wa anime, yaani katuni za Kijapani, jaribu pia zana ya SauceNAO. Usipopata kitu, usidhani umemaliza: picha ya akili mnemba haina mwenyewe wa kupatikana. Linganisha kazi zake zenyewe kwa zenyewe. Mchoraji anaweza kuwa na mitindo miwili, lakini namna anavyochora masikio, vidole na mikunjo ya nguo haibadiliki kila picha.

Sasa omba rasimu, na uiombe kabla ya kulipa. Chagua wewe mwenyewe mchoro mmoja kwenye ukurasa wake, umwombe picha ya skrini ya programu anayochoria, orodha ya tabaka ikionekana, yaani sehemu za mchoro zinazopangwa moja juu ya nyingine, kama mistari na rangi. Akituma, mwombe azime tabaka la rangi apige nyingine. Mwenye faili halisi hamalizi dakika mbili. Anayetumia programu ya kuchora ya Procreate kwa kawaida ana na video ya hatua zote, maana programu hiyo huirekodi yenyewe isipozimwa. Faili moja kupotea kunaaminika. Zote kupotea, hapana.

Hapa pana mtego mpya. Matapeli wanaipa akili mnemba picha iliyokamilika na kuiagiza itoe rasimu yake. Ili uigundue, weka rasimu juu ya picha ya mwisho kwa programu yoyote ya kuhariri picha, uififishe nusu. Rasimu ya kweli haikai sawasawa: mkono ulihamishwa, duara la fuvu linapita katikati ya nywele, mstari mmoja umepigwa mara tatu. Ya bandia inalingana na picha ya mwisho hadi kifungo cha shati, kwa sababu imetolewa humo humo.

Kwenye malipo, wachoraji wengi hutaka nusu kabla ya kuanza, na wana haki, kwa kuwa wateja nao hutapeli. Kubalianeni kwa maandishi: utaona rasimu lini, utaomba marekebisho mangapi, na nusu ya pili inalipwa katika hatua gani. Ukitumia PayPal, chagua malipo ya bidhaa na huduma. Hapo una siku 180 za kufungua malalamiko. Njia ya ndugu na marafiki haina ulinzi wa mnunuzi, na ndiyo matapeli wanayoing'ang'ania, pamoja na kadi za zawadi na sarafu za kidijitali. Akidai ada mpya baada ya malipo ya awali, eti ya kukamilisha au kutuma faili, usiongeze hata senti.

Kuna na utapeli wa upande wa pili: "msanii" anataka kukulipa wewe ili achore picha yako. Anatuma hundi yenye pesa nyingi kuliko mlivyopatana, kisha anakuomba ziada umpelekee muuza vifaa vyake. Benki inaweza kukuwekea pesa kabla hundi haijathibitishwa. Ikikataliwa, benki inazirudisha kutoka kwako, na ulizotuma zimekwenda.

Ukiwa umeshalipa, hifadhi mazungumzo yote kabla hujamwambia kwamba umemgundua, maana atakublok au kufuta akaunti. Fungua malalamiko, na usimlipe yeyote anayeahidi kukurudishia pesa zako. Ukimpata mwenye picha zilizoibwa, mtumie viungo. Mitandao mingi hutaka dai la hakimiliki litoke kwa mwenye kazi au mwakilishi wake, kwa hiyo yeye anaweza kuziondoa picha ambazo wewe ukiziripoti hazitaguswa.