Mpwa wangu na madai ya maegesho

Binti ya dada yangu yuko Leicester, Uingereza, analea wazee kwa zamu za usiku. Alinitumia kwa WhatsApp picha ya hati ya madai ya mahakamani kutoka kampuni ya maegesho, na chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Nilipe tu yaishe?"

Mimi si wakili. Ni karani wa wakili hapa Moshi, na kazi yangu kubwa ni kuhesabu siku. Kwetu mdaiwa akishapokea samansi ana siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi. Zikipita bure, mdai anaomba hukumu ya upande mmoja, na nimeshaona watu wazima wakilia koridoni kwa sababu hiyo. Kwa hiyo nilimjibu kwa swali: hati imetolewa tarehe ngapi?

Kule hati huhesabiwa kuwa imekufikia siku ya tano baada ya kutolewa, na hapo una siku 14 za kujibu. Ukijaza fomu ya kukiri kuipokea (si kukiri deni!), muda wa utetezi unakuwa siku 28. Ukinyamaza, hukumu inaingia, na usipoilipa ndani ya mwezi inakaa kwenye kumbukumbu miaka 6, kila mwenye nyumba ya kupanga anaiona. Tukaijaza usiku uleule.

Gari limesajiliwa kwa jina lake lakini wenzake anaoishi nao wanaliendesha pia. Kamera ya maegesho ya nyuma ya maduka ilinasa namba likiingia na kutoka. Yeye alikuwa kazini, karatasi ya zamu ipo. Hapa mjini tumezoea kijana wa ushuru anayechomeka karatasi kwenye waipa, mnabishana, mnamalizana. Kule hakuna wa kubishana naye. Kampuni binafsi inalipa pauni 2.50 kwa DVLA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, inapewa jina lako na anwani, kisha barua zinaanza kumiminika.

"Lakini mjomba, hasara gani waliyopata?"

Hoja tamu. Kwetu ningekimbilia kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba: hata kama mkataba umetaja kiasi, mahakama inatoa fidia ya haki isiyozidi hicho. Kule mlango huo ulifungwa Novemba 2015 katika kesi ya Beavis. Bwana huyo alizidisha dakika 56 kwenye maegesho ya bure ya saa mbili huko Chelmsford, akatozwa pauni 85. Mahakama ya Juu ikasema hiyo si adhabu batili: mwenye eneo ana maslahi halali ya kutaka magari yapokezane nafasi, na mabango yalikuwa makubwa na mengi. Kumwendea hakimu wa kule na wimbo wa "hawakupata hasara" ni kupoteza wino.

Tukageukia tarehe. Jedwali la 4 la sheria yao ya 2012 ya kulinda uhuru wa raia (Protection of Freedoms Act) linairuhusu kampuni kumdai mwenye gari aliyesajiliwa badala ya dereva, lakini kwa masharti. Kama hawakubandika tiketi kwenye kioo, notisi lazima imfikie ndani ya siku 14, zikihesabiwa kuanzia siku inayofuata ile ya kuegesha. Nikamwagiza apige picha barua ya kwanza, ndiyo notisi yenyewe, mbele na nyuma. Gari liliegeshwa tarehe 3 Machi. Barua ina tarehe 24 Machi. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka wakili akatoka kuniangalia.

Tena notisi inasema pauni 100, hati ya madai inasema 170 kabla ya riba na ada. Hata notisi ingewahi, jedwali hilohilo haliruhusu kumdai mwenye gari zaidi ya kiasi kilichoandikwa kwenye notisi.

Rasimu yake ya utetezi ilianza: "Naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Malezi mema ya dada yangu hayo. Nikamwambia afute. Unamwomba radhi mtu anayekudai? Tukaandika kwamba mdaiwa hakuwa dereva, notisi ilichelewa, na zile pauni 70 za ziada hazina msingi. Akaongeza picha ya bango: limefunikwa na tawi, na zile pauni 100 ziko mstari wa mwisho, herufi kama za karatasi ya ndani ya pakiti ya dawa. Mwisho kuna tamko la ukweli, na kulisaini huku unajua unadanganya ni kuidharau mahakama. Ndiyo maana nilitaka kwanza kuiona karatasi ya zamu.

Usuluhishi wa simu, ambao tangu Mei 2024 ni lazima kwa madai madogo ya fedha kama haya, haukuzaa kitu. Walitaka 120, akakataa kwa upole. Kabla ya siku ya mwisho ya kulipia ada ya kusikilizwa, wakaondoa madai.

Sasa dada anataka mtoto alipwe usumbufu. Nimemweleza kwamba kwenye madai madogo ya kule, mdai akijiondoa kwa kawaida hamlipi mwenzake gharama, labda mahakama ione alijiendesha hovyo. Anasema niandike barua hivyohivyo.