Kabla hujamtukana mtu wa intaneti, angalia rauta imekaa wapi

Jamani watu wa Kigoma tuongee. Waifai ya nyumbani ikikwama tu mtu anamtukana mtoa huduma, na kweli kuna siku wanastahili, lakini nyumba nyingi nilizopita huku Mwanga na Gungu mtandao unafika mzima kabisa halafu unafia sebuleni. Kujua ni rahisi, simama na simu karibu na rauta, kile kiboksi kinachorusha waifai, ukikuta hapo inakimbia na ukienda chumbani inazunguka tu basi usihangaike na huduma kwa wateja, mawimbi yanapotelea humo humo ndani.

Mitandaoni wanasema maikrowevu. Ni kweli, inatumia mawimbi ya masafa ya 2.45 GHz na waifai nyingi ziko jirani hapo, 2.4 GHz, ikiwashwa inavuruga, ila wangapi huku tuna maikrowevu? Mgebuka tunachoma kwa mkaa. Sisi adui yetu ni chuma na maji.

Mama mkubwa wangu kanipigia, hata shikamoo hajamaliza kuitikia, "mwanangu hii intaneti mliyoniwekea mbona ya kuombaomba?" Nafika, rauta imefichwa nyuma ya tivii, ubavuni kabati la alumini limejaa masufuria na chupa za chai, na chumbani kwake mlango wa chuma, sasa wimbi lipite wapi? Tukaihamishia juu ya kabati la mbao koridoni, antena zimesimama, tamthilia yake ikaacha kukatakata na mimi nikapewa ugali. Maji nayo yanayanyonya hayo mawimbi, simtank lililojaa likikaa kati ya nyumba kubwa na vyumba vya uani, mpangaji wa uani ataona jina la waifai tu. Hata miili yetu ni maji, ndio maana siku ya wageni wengi inasuasua (na kila mgeni kaomba paswedi pia).

Kwenye fremu za Mwanga tatizo ni majirani, rauta zimebanana ukuta kwa ukuta. Chaneli za 2.4, yaani vijia ambavyo rauta inarushia mawimbi, ziko 13 lakini zisizoingiliana ni tatu, 1, 6 na 11, ukijiweka 3 eti uwe peke yako unawavuruga wa 1 na wa 6 na wao wanakuvuruga. Pakua programu ya bure ya kupima waifai uone wapi hakuna msongamano, kisha ubadilishe kwenye setingi za rauta. Ikiwa ina 5 GHz hamia huko, kuna nafasi, ila kuta mbili za tofali tu ishachoka.

Na nyie wa vibanda vya kurusha muvi, hiyo ekstano (diski ya nje) ya USB 3.0 mnayoiegesha juu ya rauta inatoa kelele kwenye 2.4 hiyo hiyo, Intel wenyewe, watengeneza chipu za kompyuta, waliliandika hilo 2012. Isogezeni hata nusu mita, na maus isiyo na waya nayo itaacha kurukaruka.